Dumu la Petroli Chini ya Gauni la Minza

Kuna nyumba moja kule Sengerema ambayo mpaka leo nikifika mlangoni huwa natafuta kisingizio cha kubaki nje, mara nasema naangalia tairi, mara nasema napunga upepo kidogo, na wenyeji wananiacha tu maana wanajua ninachokikimbia. Sina ugomvi nao. Nina aibu. Na siyo ile aibu ya kuteleza kwenye tope watu wakacheka yakaisha, hapana, hii ni aibu ya mtu mzima aliyeulizwa swali jepesi mbele ya watu, akajibu uongo, halafu uongo ule ukawaka moto. Nikisema moto nina maana ya moto wenyewe, wa kuunguza. Nawasimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu najua humu ndani wapo wanaofanya yale yale niliyofanya mimi, ila wao siku yao haijafika.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, enzi za ruksa, magari ya mtumba yanaingia kila wiki, na mtu kama mimi niliyekuwa nimeendesha teksi ya mwenzangu miaka saba nikapata na mimi Korola yangu. Ilikuwa ya bluu, mlango mmoja umepauka kuliko mingine, lakini yangu. Nilikuwa naipangusa mpaka wenzangu pale kituoni wakaniambia, Lukas, utaimaliza rangi kwa kitambaa. Kasoro yake ilikuwa tanki. Lilikuwa limeliwa na kutu ubavuni, na fundi mmoja wa Nyakato, pale Mwanza, alilikandika kwa sabuni ya kipande (wenye magari ya zamani mnaijua dawa hiyo) akaniambia, "Usijaze. Ukivuka robo, itavuja." Geji nayo ilikuwa imelala siku nyingi, mshale hauonyeshi kitu. Kwa hiyo nikawa naweka mafuta kidogo kwenye tanki, mengine nabeba kwenye dumu ndani ya buti. Dumu lenyewe lilikuwa la plastiki, lile la njano lililokuwa na mafuta ya kupikia, na kifuniko chake kilishapotea nikaweka gunzi la mahindi nililolizungushia kipande cha nailoni. Nikawa naona nimebuni kitu cha maana kabisa.

Msiseme sikujua sheria. Nilijua. Trafiki mmoja alikuja kituoni kwetu, akatukusanya wote, akatuambia kubeba petroli kwenye dumu huku umepakia abiria ni kosa, na kwamba mafuta ya gari yanakaa kwenye tanki, basi. Akasema, "Petroli yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hauonekani. Unaweza ukawa umekaa nao humo ndani kama abiria na wewe huna habari." Akasema dumu la plastiki likipigwa na joto linavimba. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nimeegemea gari langu, nikamnong'oneza jirani yangu kwamba kama mvuke ni abiria basi alipe nauli. Tukacheka. Dumu lilikuwa hatua mbili nyuma yangu, ndani ya buti.

Sasa, mke wangu, Mama Neema, ana mdogo wake anaitwa Minza. Minza akapata mchumba, mwalimu wa Kihaya anayefundisha Sengerema, kijana mtulivu, Mkatoliki, na ikakubalika kwamba ndoa itafungwa kule kule Sengerema, Misa saa nane mchana, na bibi harusi atavalishwa nyumbani kwa Shangazi Kabula, dada yake marehemu baba mkwe wangu, ambaye anakaa karibu na kanisa. Mimi nikapewa heshima ya kumvusha bibi harusi ziwa kutoka Mwanza. Na siyo bibi harusi tu, na mama mkwe.

Hapo inabidi nisimame kidogo. Sisi Wasukuma mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, humkazii macho, na ukimkuta njiani unampisha. Mama mkwe wangu mimi alikuwa amenipokea vizuri sana tangu mwanzo, hata nilipokuwa sina kitu, na kila mahali akisimulia kwamba mkwe wake ni mtu wa kanisani na hanywi pombe. Kwa hiyo usiku wa kuamkia harusi nililala nikiwaza kitu kimoja tu: nisije nikaishiwa mafuta katikati ya msafara, bibi harusi akasukuma gari na gauni lake, nikamwaibisha mama mkwe wangu. Nilikuwa nimesikia Sengerema wiki hiyo petroli hakuna. Basi asubuhi nikapitia Mabatini kwa yule mtu anayeuza kwa chupa, nikajaza dumu mpaka shingoni.

Nilikuwa natafuta kuikimbia aibu, mnaona? Ndiyo maana nikaibeba ndani ya buti.

Mama Neema aliniona ninavyolikandamiza gunzi. Akaniambia, "Baba Neema, hilo lishushe. Tunapakia nguo za watu humo."

Nikamjibu, "Wewe shughulika na mdogo wako, mambo ya gari niachie mimi."

Nikalilaza dumu ubavuni, nikalibana na tairi la akiba, nikatandika gunia, na juu yake tukaweka sanduku lenye gauni. Gauni hilo lilikodiwa kwenye saluni moja mjini, jeupe, lina mkia mrefu na vishanga kifuani, na Minza alilijaribu mara tatu wiki ile, kila mara akitoka analia machozi ya furaha. Lilikunjwa kwenye karatasi laini, likawekwa ndani ya sanduku lile, pamoja na veli. Nikafunga buti kwa taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Tukafika kwenye kivuko cha kwenda Kamanga. Utaratibu pale ni kwamba abiria wanashuka, gari linaingia na dereva peke yake, wenzake wanapanda kwa miguu. Mama Neema, Minza na mama mkwe wakashuka. Mkaguzi alikuwa mzee mmoja aliyevaa kaki, mpole tu, anapita gari moja moja anauliza swali lile lile. Akafika kwangu.

"Buti lina mafuta?"

"Hakuna, mzee."

"Hata kidogo? Wenye madumu wanasubiri safari ya mizigo. Hayavuki pamoja na watu."

Jamani, hapo ndipo pangeisha. Ningesema lipo, ningelishusha, ningemwachia mtu pale ufukweni, tungeondoka. Lakini nikawaza foleni, nikawaza mama mkwe amesimama pale anasikiliza, nikawaza nitakavyoonekana. Nikasema, "Hakuna kabisa, mzee wangu. Ni nguo za harusi tu."

Yule mzee akaweka mkono kwenye buti ili afungue. Ndipo mama mkwe wangu akasogea, na kitenge chake kipya, akamwambia kwa sauti ya heshima kabisa, "Baba, huyo ni mkwe wangu. Ni mtu wa kusali, hawezi kukudanganya. Humo mna gauni la binti yangu, tafadhali usije ukalichafua na mikono yenye grisi."

Yule mzee akaondoa mkono. Akacheka, akasema, "Haya mama, hongera kwa harusi," akaniashiria niingie.

Nikaingia. Sikumtazama mama mkwe usoni, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mila.

Kivuko kilijaa. Kulikuwa na wanawake wenye matenga ya nyanya, watu wa baiskeli, mama mmoja anampeleka mtoto mgonjwa kwao, mapadri wawili, kuku, magunia, na magari yamebanana kiasi kwamba huwezi kufungua mlango wote. Jua likawa limepanda. Bati la buti langu lilikuwa linachoma ukiligusa, na mimi nikasimama pembeni yake nimefungua kola, najifanya naangalia maji. Tulipofika kama theluthi ya njia ndipo nikasikia, ndani ya buti, kitu kimesema *pu*. Kidogo tu, kama mtu anayechomoa kizibo cha chupa. Nikajua. Gunzi limeruka.

Halafu harufu ikaanza. Mtu mmoja akasema ni injini ya kivuko. Mwingine akasema hapana, ni pikipiki ile pale. Mwenye pikipiki akaapa kwamba yake haivuji, akainama kuikagua, na mimi (Mungu anisamehe) nikainama naye nikamsaidia kukagua.

Ningefungua buti, harufu ingetoka yote na kila mtu angejua. Nisipofungua, petroli inaendelea kumwagika chini ya sanduku. Nikachagua kutofungua. Nikajiambia dakika ishirini siyo nyingi.

Basi baba mmoja mtu mzima, amevaa suti ya Kaunda, akaja akaegemea buti langu kabisa, kwa raha zake, akatoa pakiti ya sigara. Akaweka moja mdomoni. Akatoa kiberiti, akakitikisa sikioni kusikia kama vijiti vipo. Nilimrukia. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka kiberiti kikaanguka, na watu wote wakageuka.

"Vipi bwana?" akaniuliza.

Na hata hapo, ndugu zangu, hata hapo sikusema ukweli. Nikasema, "Samahani mzee, bibi harusi wetu yule pale ana pumu. Moshi ukimpata tu anaanguka."

Yule baba akasikitika mno. Akarudisha sigara mfukoni, akaenda mpaka alipokuwa Minza akamwambia, "Pole sana mwanangu kwa pumu, Mungu atakuponya." Minza, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuugua kifua, akabaki ameduwaa, akanitazama. Nikamkonyeza. Akadhani ni utani wa shemeji, akacheka. Kile kicheko chake nakikumbuka mpaka leo, kwa sababu alikuwa anacheka katikati ya watu wote wale, na mtoto mgonjwa, na mimi peke yangu ndiye niliyejua tumesimama juu ya nini.

Tukafika Kamanga salama. Nikateremsha gari, nikasogea pembeni, nikawaambia wenzangu wa msafara wanunue maji ya kunywa, na walipogeuka nikafungua buti. Dumu lilikuwa limebaki nusu. Gunia limelowa, na sanduku limelowa upande wote wa chini. Nikapangusa pangusa kwa kitambaa kile kile cha kupangusia gari, nikasimamisha dumu, nikatafuta gunzi nikalirudisha, nikalikumbatia dumu na kulibana vizuri mpaka shati langu likalowa kifuani. Njia nzima ya vumbi mpaka Sengerema tulikwenda madirisha wazi. Mama mkwe alifunika pua na kitenge. Mama Neema aliyekaa mbele na mimi alinitazama mara moja tu, akageuza uso.

Kwa Shangazi Kabula tukapokelewa na vigelegele. Uwanja umefagiwa, turubai limefungwa, wanakwaya wameshafika na majoho yao meupe yenye kola ya bluu maana walikuwa wamsindikize bibi harusi kwa nyimbo mpaka kanisani. Wanawake wakachukua sanduku wakaingia nalo chumbani. Mimi nikalichomoa dumu haraka haraka nikalificha nyuma ya choo, kwenye minyaa, nikarudi kukaa na wanaume, nikapewa soda.

Hata sijafika nusu ya chupa, Shangazi Kabula akatoka. Huyu shangazi ni mama mnene mchangamfu, mikono yake haitulii, kila kazi ya ukoo inamwangukia yeye na anaipenda. Akaja na pindo la gauni mkononi, mwili wa gauni umebaki kwa mtu mlangoni.

"Baba Neema, shikilia hapa. Mbona pana unyevu? Na hii harufu ni ya nini?"

Watu wote chini ya turubai wakageuka kunisikiliza. Nikashika pindo. Lilikuwa la baridi, ile baridi ya petroli mnayoijua.

"Ni maji ya ziwa, shangazi," nikasema. (Maji gani ya ziwa yanaingia kwenye buti lililofungwa? Hakuna aliyeuliza.) "Na harufu ni ya gari tu. Moshi wa injini. Nguo ikipigwa pasi inakwisha yote."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu. Sikufikiri hata kidogo, nilitaka tu aondoke, watu waache kunitazama, ninywe soda yangu. Shangazi akafurahi, akasema, "Basi kumbe kitu kidogo," akarudi ndani.

Mzee mmoja akaanza kunisimulia habari za bei ya pamba. Mimi naitikia, naam, naam, akili inapoa poa, nikaona kama vile nimeshapona. Ndipo nikasikia sauti kutoka jikoni, "Makaa yameshika?" na nyingine ikajibu, "Yameshika, lete pasi niijaze."

Pasi ya mkaa. Umeme upo wapi wakati huo nyumba ile. Nikageuka nikamwona msichana anaivusha uwanja, anaipepea kwa kuirusha mbele na nyuma ili makaa yachanganye, cheche zinaruka kutoka kwenye vitundu vya ubavuni, nyekundu mchana kweupe, na anaingia nayo mlangoni.

Nasema ukweli, mwili ulikataa. Nilikaa. Inawezekana ilikuwa kama mtu anavyovuta pumzi mbili, lakini nilikaa, na katika hizo pumzi mbili nilikuwa bado natafuta uongo mwingine. Nilikuwa natafuta namna ya kuzuia pasi bila kutaja petroli! Hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote yaliyofuata.

Halafu nikatupa soda nikakimbia. Nikampita yule mzee wa pamba, nikapita wanakwaya, nikavuta pazia la chumba cha wanawake nikaingia mzima mzima ninapiga kelele, "Msipige pasi! Ni petroli! Ni petroli!"

Nisimulieje chumba kile. Minza alikuwa amesimama na sketi ya ndani. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumkazia macho, alikuwa amejifunga khanga moja, mabega wazi, anapakwa mafuta mgongoni. Wanawake walipiga yowe. Na Shangazi Kabula, aliyekuwa ameshainua pasi juu ya gauni lililotandikwa mezani, akashtuka kwa kuona dume limeingia, mkono ukaruka, kifuniko cha pasi kikafunguka, na kaa moja likadondoka.

Halikufika hata kwenye kitambaa. Nililiona kwa macho yangu: moto uliwaka kabla kaa halijagusa. *Fuu!* Mkia wote wa gauni ukawa moto, wa bluu chini na njano juu, na vishanga vikaanza kupasuka.

Mimi niliyekuja kuokoa nilisimama nimepanua mikono kama sanamu. Aliyefanya kazi ni shangazi. Alitupa pasi pembeni, akakamata gauni kwa kifuani, ambako moto ulikuwa bado, akalikunja, moto ukimlamba mkono wa kulia, akapita mbele yangu akanisukuma kwa bega, akatoka nalo mlangoni, akalitupa katikati ya uwanja uliofagiwa. Mama mkwe akamvuta Minza ukutani akamfunika kwa mwili wake. Mama Neema akayakanyaga makaa yaliyomwagika kwa kiatu cha harusi.

Nilipotoka nje, wageni wote walikuwa wameunda duara. Gauni la bibi harusi linaungua katikati, saa sita mchana, na ndugu wa bwana harusi walikuwa wamefika dakika hiyo hiyo na zawadi zao kichwani. Shangazi alikuwa amekaa chini, mkono umewekwa kwenye beseni la maji, ngozi inamvimba, anauma meno. Halafu mwenyekiti wa kamati ya harusi akauliza, siyo kwa ukali, aliuliza kama mtu asiyeelewa tu, "Petroli imetoka wapi?"

Nikasema, "Ni yangu. Nilikuwa nayo kwenye buti tangu Mwanza."

"Na kivukoni?"

"Na kivukoni."

Nikamsikia mama mkwe wangu nyuma yangu, mlangoni, akivuta pumzi.

Shangazi akapelekwa zahanati na gari la upande wa bwana harusi, maana mimi gari langu hakuna aliyetaka hata kulisogelea. Minza alilia, halafu akaacha kulia ghafla kama mtu aliyefunga bomba. Mmoja wa wanakwaya, dada mrefu mwembamba kama yeye, akavua joho lake palepale akabaki na blauzi na sketi, akasema, "Mwingize humu, ni jeupe, na ni la kanisani." Wakambana kiunoni kwa utepe, wakamwekea maua ya uwanjani kichwani badala ya veli, maana nayo ilikuwa inanuka petroli. Alipotoka alikuwa mzuri, wallahi, lakini alipoingia katikati ya wanakwaya wenzake wa muda ule ilibidi uangalie vizuri kujua bibi harusi ni yupi.

Kanisani mimi nilifika mlangoni tu. Katekista alikuwa ameshapata habari. Akanisimamisha kwa upole, akanusa, akaangalia shati langu kifuani. "Ndugu, humo mishumaa imewashwa. Hatuwezi." Watu wanapita kuingia, wananiangalia. Nikakaa nje kwenye tofali, nikasikiliza harusi ya shemeji yangu kwa dirishani. Nilisikia Minza akijibu "Nakubali" na sauti haikutetemeka. Nikalia. Sijui kama nililia kwa furaha yake au kwa ajili yangu, nadhani kwa ajili yangu.

Misa ilipoisha mama mkwe alitoka, akaja mpaka mahali nilipokaa. Nikasimama, nikainamisha kichwa. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru kama angenitukana. Akasema, "Baba Neema, pale kivukoni mimi nilikusemea."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akaondoka, na jioni akarudi Mwanza na gari la watu wengine.

Mimi nilivuka kesho yake, peke yangu. Dumu nililipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kusaga pale Sengerema, nikamwambia achukue bure na asiliweke karibu na jiko. Nilikuwa nimeshaoga mara mbili na harufu bado. Yule mzee wa kaki alikuwa upande wa Kamanga siku hiyo, akaniuliza swali lake, nikamwambia, "Leo halipo, mzee. Jana lilikuwepo." Nikamweleza mpaka mwisho, mpaka habari ya mkono wa shangazi. Hakunipigia kelele. Aliandika namba ya gari langu kwenye daftari lake, akasema, "Na mimi nilikuwa nimeshashika buti." Akarudia tena. Nikaona kwamba na yeye nimempa mzigo wa kulala nao.

Pale kituoni nilisimama Jumatatu nikawasimulia wenzangu mwenyewe, kabla habari haijanitangulia. Walinisimamisha kufanya kazi mpaka niwaonyeshe tanki jipya, na walikuwa na haki. Korola ikakaa juu ya mawe wiki kadhaa, naipita kila asubuhi nikienda kwa miguu.

Minza na mwalimu wake wanaishi vizuri, wana watoto wakubwa. Wamerithi nyumba ya Shangazi Kabula, kwa maana ya kwamba shangazi bado yupo ila wao ndio wanaomtunza. Ukutani sebuleni kuna picha ya harusi, bibi harusi na joho la kwaya, na wageni wakiuliza, Minza anasema tu ilikuwa ndiyo mtindo. Ananifichia. Shangazi mimi nikimwamkia shikamoo ananipa mkono wa kulia makusudi, ule wenye ngozi iliyokazana inayong'aa, vidole viwili havinyooki, ananishika kwa nguvu na kucheka, "Marahaba baba, umekuja na nini leo?" Yeye alishasamehe siku nyingi. Mimi ule mkono ukinigusa natamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo msinishangae siku hizi. Juzi kijana mmoja amekuja kituoni ana msiba kwao, anataka kubeba dumu la petroli la jenereta, dogo tu, la lita tano, lina kifuniko chake kizuri, na ndani ya gari tungekuwa na mama yake na watoto. Akanibembeleza. Akasema tutafungua madirisha, akasema ni hapo tu, siyo mbali. Nikamwambia mafuta yatafutiwe gari lingine lisilo na watu. Akanitazama juu mpaka chini, mvi zangu hizi, akasema, "Kumbe mzee unaogopa?"

Zamani ningeona haya kujibu swali kama hilo mbele ya watu.

"Naogopa, mwanangu," nikamwambia. "Naogopa sana. Lishushe."